Salimuzzaman Siddiqui: Mwanakemia wa Kiislamu Aliyeupeleka Mwarobaini Maabara

 

Ijumaa ya leo tunaanzia Ngenge, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Mtoto akipandwa na homa usiku katika nyumba za huko, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Muleba na Bukoba, bibi hangoji kupambazuke. Huchuma majani ya omubilizi nyuma ya migomba, akayaponda, akayakamua na kumnywesha mjukuu wake maji yake machungu. Mwenye mwarobaini uani huchemsha majani yake. Asubuhi baba humpakia mtoto kwenye baiskeli au pikipiki kumpeleka zahanati, na huko hupewa vidonge. Kisha homa ikishuka, mabishano huanza. Kijana aliyesoma husema ni vidonge vilivyomponya, na kwamba majani ni mambo ya kale. Bibi naye hukumbusha kwamba amelea watoto kwa majani hayo hayo kabla zahanati haijajengwa.

Nani kati yao ana haki? Tumeona tusilijibu swali hilo kwa haraka, bali tuwasimulie maisha ya Mwislamu mmoja aliyelibeba swali hilo kwa zaidi ya miaka sitini, akiwa na chupa na mizani mkononi. Jina lake ni Salimuzzaman Siddiqui, mwanakemia aliyezaliwa India na kufariki Pakistan. Hakupata kuwa mashuhuri huku kwetu kama walivyo Jabir bin Hayyan, Al-Razi au Ibn Sina, ambao vijana wetu husoma habari zao madrasa. Lakini mti alioushughulikia umesimama katika viwanja vyetu.

Siddiqui alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1897 katika kijiji cha Subeha, wilaya ya Barabanki, karibu na mji wa Lucknow. Nyumba yao ilikuwa ya watu wa elimu na siasa. Ndugu yake, Chaudhry Khaliquzzaman, baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wakubwa wa chama cha Muslim League. Yeye Salimuzzaman hakuvutwa na siasa. Alipelekwa Aligarh, katika chuo kile maarufu cha Waislamu wa India kilichoasisiwa na Sir Syed Ahmad Khan, na somo alilolichagua huko lilikuwa falsafa, pamoja na lugha ya Kiajemi. Alihitimu mwaka 1919. Alipenda pia kuchora, na mapenzi hayo hayakumtoka hadi uzeeni.

Mwaka 1920 alisafiri kwenda London kusomea utabibu. Hakukaa sana. Mwaka uliofuata aliiacha London na utabibu, akavuka kwenda Ujerumani, katika Chuo Kikuu cha Frankfurt, kusomea kemia. Ujerumani ya siku hizo ilikuwa imeshindwa vitani, fedha yake ikiporomoka kila kukicha hadi ikafikia, mwaka 1923, kuwa haina thamani ya karatasi iliyochapiwa. Hata hivyo, kwa upande wa kemia, hasa ile ya dutu zenye kaboni ambazo ndizo zinazojenga miili ya mimea na wanyama, Wajerumani walikuwa hawana mpinzani. Mwaka 1924 Siddiqui alimwoa Mjerumani aliyekuwa mwanafunzi mwenzake, na mwaka huo huo picha alizochora zilionyeshwa hadharani mjini Frankfurt.

Mwalimu wake huko alikuwa Julius von Braun, na hapa inatupasa tusimame kidogo, kwa sababu bila kuielewa kazi ya mwalimu hatutaielewa ya mwanafunzi. Von Braun alikuwa bingwa wa mambo mawili. La kwanza ni kuzivunja dutu ngumu za mimea vipande vipande ili kutambua zimejengwa vipi, kama fundi anayefungua saa. La pili ni kuziunganisha dutu na haidrojeni kwa msaada wa kichocheo, na kichocheo alichokitumia mara kwa mara ni madini ya nikeli.

Kichocheo ni nini? Tuchukue mfano wa mshenga. Nyumba mbili zina kijana na binti, lakini bila mtu wa kati zitakaa miaka bila kusogeleana. Mshenga huja, huzungumza na hawa, huzungumza na wale, na mambo yaliyokuwa mazito huwa mepesi. Ndoa ikishafungwa, mshenga huenda zake kama alivyokuja, tayari kwa kazi nyingine. Ndivyo ilivyo nikeli. Dutu hukutana juu ya uso wake, hubadilika upesi kuwa kitu kipya, na nikeli yenyewe hubaki kuwa nikeli. Viwanda vinavyogeuza mafuta ya maji kuwa mafuta ya mgando ya kupikia vilijengwa juu ya jambo hilo hilo. Elimu hii ya kuvunja na kuunganisha ndiyo aliyoinywa Siddiqui kwa miaka sita, hadi alipotunukiwa shahada ya udaktari mwaka 1927.

Angeweza kubaki Ulaya. Lakini huko Delhi kulikuwa na mzee aliyemtaka arudi, naye ni Hakim Ajmal Khan. Mzee huyu alitoka katika ukoo wa matabibu wa tiba ya Kiyunani, yaani ile tiba ambayo Waislamu waliipokea kutoka kwa Wayunani, wakaipanua kwa mikono ya akina Al-Razi na Ibn Sina, kisha ikafika India na kuota mizizi. Alikuwa tabibu wa watawala na wa maskini, tena mpigania uhuru. Alikuwa mmoja wa waasisi wa chuo cha Jamia Millia Islamia mwaka 1920 na mkuu wake wa kwanza, na alijenga mjini Delhi chuo cha tiba kilichofundisha utabibu wa Kihindi na wa Kiyunani chini ya paa moja.

Ajmal Khan aliona jambo ambalo matabibu wengi wa asili hawakutaka kuliona. Alijua kwamba dawa za mababu zina nguvu. Alijua vilevile kwamba kuzisifu pekee hakutoshi, na kwamba iwapo wenyewe hawatazichunguza, siku moja watu wengine watakuja kuzichunguza na kuzimiliki. Kwa hiyo alitaka taasisi ya utafiti kando ya chuo chake, na mtu wa kuiongoza awe kijana aliyesoma kemia ya kisasa lakini asiyedharau mitishamba ya kwao. Siddiqui alikubali, akarejea. Mwezi Desemba mwaka huo huo wa 1927, Ajmal Khan alifariki dunia.

Kijana huyu wa miaka thelathini alibaki na kazi aliyoachiwa, pasipo aliyemwita. Akaanza na mzizi.

Ni mzizi wa kichaka kinachoitwa rauwolfia, ambacho watu wa India walikitumia kwa vizazi vingi kutuliza wenye wazimu na kutibu walioumwa na nyoka. Jamaa zake huota Afrika pia, na misitu ya Uganda, jirani wa mkoa wa Kagera, na ya Kongo inayo. Njia ya kuzitenga dutu za aina hiyo ni ndefu na huhitaji subira. Mizizi husagwa ikawa unga, unga hulowekwa katika spiriti, spiriti hutolewa kwa mvuke. Yanayobaki hutiwa asidi ili dutu zinazotafutwa ziyeyuke na takataka ziachwe nyuma, kisha hutiwa magadi ili dutu hizo zijitenge tena. Kazi hurudiwa mara nyingi, hadi siku moja punje safi zenye kung'aa zinaonekana chini ya chupa.

Mwaka 1931, akisaidiana na Rafat Hussain Siddiqui, alizipata punje hizo. Kwa desturi ya wanasayansi, mwenye kugundua ndiye mwenye haki ya kuita jina. Wapo waliotumia majina ya miji yao. Siddiqui aliiita dutu hiyo ajmalini, kwa jina la mzee aliyemwita Delhi. Nyingine mbili katika mzizi huo huo akaziita ajmalinini na ajmalisini. Hivyo jina la tabibu wa Kiislamu wa Delhi likaingia katika vitabu vya kemia vya dunia nzima, na halijatoka. Sisi tunaona kwamba kitendo hiki peke yake chatosha kutuonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Yule mzee alikuwa amekwisha kufa, hakuwa na cheo cha kumpa wala mshahara wa kumlipa.

Ajmalini ilikuja kuthibitika kuwa dawa ya moyo unaopiga bila mpangilio. Hospitali nyingi duniani huitumia hadi leo kufichua ugonjwa fulani wa kurithi, ambao humfanya mtu mzima na mwenye nguvu zake kuanguka na kufa ghafla. Daktari huipitisha katika mshipa kwa kiasi kidogo, akitazama mapigo ya moyo kwenye mashine, na kasoro iliyojificha hujitokeza. Hutolewa hospitalini tu na kwa uangalizi mkubwa, kwani dutu hiyo hiyo yaweza kuuvuruga moyo badala ya kuutengeneza.

Haifai, hata hivyo, tumsifu mtu kwa kuficha yaliyompita. Katika mzizi ule ule kulikuwa na dutu nyingine, yenye nguvu kuliko zote alizozipata, nayo ilijificha katika sehemu ya utomvu. Aliyeipata si Siddiqui. Ilitengwa mwaka 1952 na wanakemia wa kampuni ya Ciba, huko Basel, Uswisi, ikaitwa reserpini, na ikawa miongoni mwa dawa za kwanza za kisasa za shinikizo la damu na za maradhi ya akili. Mwaka 1956 Mmarekani Robert Woodward alifaulu kuijenga reserpini maabara, hatua kwa hatua, bila mzizi wowote, na kazi hiyo ikahesabiwa kuwa miongoni mwa maajabu ya kemia. Viwanda hata hivyo viliona ni nafuu kuendelea kuchuma, na magamba ya mizizi ya rauwolfia kutoka Kongo yakawa yanasafirishwa kwenda Ulaya kwa ajili hiyo. Wakulima waliochimba mizizi hiyo walilipwa bei ya mizizi. Hofu ya Ajmal Khan haikuwa ya bure.

Mwaka 1940 Siddiqui aliiacha taasisi ya Delhi na kujiunga na baraza la utafiti wa sayansi na viwanda la India. Ni katika kipindi hicho alipougeukia mwarobaini.

Mti huu hatuna haja ya kuueleza kwa wasomaji wetu. Asili yake ni India na nchi jirani zake, na ulifika Afrika Mashariki pamoja na wahamiaji wa Kihindi. Jina tulilolipa lenyewe ni ushahidi wa imani yetu juu yake, kwamba unatibu maradhi arobaini. Mahujaji wetu nao huuona mahali pasipotarajiwa. Katika uwanda wa Arafa, ambako jua halina huruma, imepandwa miarobaini ipatayo elfu hamsini ili iwape kivuli wageni wa Mwenyezi Mungu. Hujaji aliyetoka Bukoba akasimama Arafa akiomba dua amesimama pengine chini ya mti ule ule aliouacha nyumbani.

India nayo iliutumia tangu zama zisizojulikana, kwa ngozi, kwa meno, kwa minyoo na kwa wadudu wa ghalani. Lakini hadi wakati huo hakuna aliyejua uchungu wake ni kitu gani. Siddiqui aliyachukua mafuta ya mbegu zake, akayapitisha katika vimiminika mbalimbali, kila kimoja kikivuta kinachokipenda na kuacha kingine. Mwaka 1942 alitangaza dutu tatu, akaziita nimbini, nimbinini na nimbidini, kutokana na jina la mti huo katika lugha za India. Hiyo ya tatu ndiyo yenye sehemu kubwa ya ule uchungu. Tangu siku hiyo mwarobaini ukawa somo la maabara za dunia.

Yaliyofuata ni mengi. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nchini Sudan nzige wakila kila jani, isipokuwa miarobaini iliyobaki imesimama kijani. Mwaka 1968, nchini Uingereza, ikatengwa dutu inayowakimbiza wadudu hao, ikaitwa azadiraktini. Ilikuwa ngumu kiasi kwamba wanakemia wa Cambridge walihitaji miaka 22 hadi walipofaulu kuijenga wenyewe, mwaka 2007. Huo mti unaoumbwa na Mola wetu kwa maji, udongo na jua, ukiifanya kazi hiyo kila msimu bila kelele, uliwachukua mabingwa hao robo ya karne kasoro kidogo kuuiga kwa dutu moja tu.

Na kama alivyohofia Ajmal Khan, walitokea wa kuumiliki. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ya Marekani, W. R. Grace, pamoja na wizara ya kilimo ya nchi hiyo, walipewa Ulaya hataza ya dawa ya ukungu itokanayo na mafuta ya mwarobaini. Wahindi walipinga, wakileta ushahidi kwamba wakulima wao waliijua njia hiyo tangu zamani. Hataza hiyo ilifutwa mwaka 2000, na rufaa yake ikatupwa mwaka 2005.

Tumrudie mwenyewe. India ilipogawanyika mwaka 1947 hakuhama mara moja. Alibaki hadi mwaka 1951, ndipo alipokubali wito wa Waziri Mkuu wa Pakistan, Liaquat Ali Khan, wa kwenda kuijenga sayansi katika nchi hiyo changa. Alikuwa na umri wa miaka 53, akaanza upya. Aliongoza baraza la utafiti wa sayansi na viwanda la Pakistan tangu lilipoundwa mwaka 1953, akafungua maabara katika miji kadhaa, na mwaka 1961 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, heshima ambayo wanasayansi wengi huiota tu. Alistaafu mwaka 1966.

Wazee wengi katika umri ule huomba kiti kivulini. Yeye, akikaribia miaka sabini, alikwenda Chuo Kikuu cha Karachi mwaka 1967 kuanzisha taasisi ya kemia, na wanafunzi waliokuwa rika la wajukuu zake wakamkuta kila siku penye chupa. Mwaka 1976 familia ya Jamal, wafanyabiashara, ilitoa rupia milioni tano kwa taasisi hiyo kwa jina la marehemu baba yao, Husein Ebrahim Jamal. Hiyo ndiyo sadaka yenye kuendelea, na taasisi hiyo imekuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya kemia katika ulimwengu wa Kiislamu. Katika maisha yake Siddiqui alitenga zaidi ya dutu hamsini za mimea, na nyingi katika miaka yake ya mwisho zilitoka tena kwenye mwarobaini. Aliurudia mti ule alioufungua mwaka 1942, kwa kuwa alijua hakuumaliza.

Sasa turejee kwa yule bibi na yule kijana wa Ngenge. Siddiqui hakupata kusema kwamba mababu walikuwa wajinga, kwani alianza kila kazi yake kwa kuwasikiliza. Lakini hakuchukua pia neno lao bila kulipima. Kipimo ndicho kilichokosekana. Mapema miaka ya 1980 nchini Malaysia, watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini na wazazi wao, kwa nia njema kabisa, walipatwa na degedege na kupoteza fahamu, na baadhi yao walikufa. Majani na mafuta si kitu kimoja, mtu mzima na mtoto mchanga si mwili mmoja. Mzazi anayesoma ukurasa huu na alijue hilo leo, wala asimpe mtoto mchanga mafuta hayo.

Kwa upande wa pili, kijana anayecheka naye akumbuke kwamba watafiti wa Muhimbili hawakucheka. Walifika mkoani Kagera, katika kata ya Katoro, Bukoba, na katika kijiji cha Kikuku, Muleba, wakakaa na waganga wa huko, wakaandika miti wanayoitumia na maradhi wanayoyatibu. Matokeo yao ya kwanza yalichapishwa mwaka 2009, na yale ya Kikuku mwaka 2012. Hata vyandarua vilivyogawiwa Muleba, wilaya iliyopata mlipuko mkubwa wa malaria mwaka 2006, vimetiwa dawa ambayo wanakemia waliiga umbo lake kutoka katika ua la pareto.

Siddiqui aliendelea na kazi hadi alipopindukia miaka tisini, na alipoacha kwenda taasisini mwaka 1990 alifanya kazi katika maabara yake mwenyewe. Tarehe 14 Aprili 1994, mjini Karachi, moyo wake ulisimama, akiwa na umri wa miaka 96. Mwenyezi Mungu amrehemu, amrehemu na Hakim Ajmal Khan.